Kundi Huzaliwa Siku Gani?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nipate kueleza maoni yangu juu ya ubishi ulioanza bwenini kwetu muhula uliopita, ambao hata leo haujaisha. Natumaini walimu na wazazi nao watausoma, maana mwishoni mwake kuna jambo linalotuhusu sisi sote.

Ubishi wenyewe ulianza hivi. Wakati wa likizo baadhi yetu tulikwenda Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, tukaingia kibanda umiza kutazama filamu ya Avengers, lile kundi la mashujaa wa Kimarekani wenye nguvu za ajabu. Tuliporudi shuleni mwenzetu mmoja akasema kwamba Avengers wa kwanza walikuwa sita, yaani Iron Man, Captain America, Thor, Hulk, Black Widow na Hawkeye. Mwingine akamkatalia, akasema kwamba katika kitabu cha kwanza kabisa cha katuni zao Captain America hakuwamo. Wakawekeana mche wa sabuni. Taa zilizimwa tukiwa bado tunabishana, mwalimu wa zamu akatukuta, na kesho yake wote tuliokuwa macho tulifagia uwanja wa mstarini kabla ya chai.

Wenzetu walitucheka sana. Walisema tumeadhibiwa kwa ajili ya watu ambao hawajapata kuishi duniani. Walakini mwalimu wetu wa Historia, alipousikia ubishi huo, hakucheka. Alituuliza neno moja tu: "Ushahidi wenu uko wapi?" Kisha akatupa nusu saa katika chumba cha kompyuta tukautafute.

Tulichokiona ni hiki. Kitabu cha The Avengers namba 1 kina tarehe ya Septemba 1963, na mashujaa waliomo ni Iron Man, Thor, Hulk, Ant-Man na Wasp. Captain America aliingia katika toleo la 4, la Machi 1964, na Black Widow na Hawkeye walifuata baadaye. Wale sita aliowataja mwenzetu ni wa filamu ya mwaka 2012. Basi kila mmoja alikuwa amesema kweli, mmoja kwa filamu na mwingine kwa kitabu, na mche wa sabuni ukakatwa vipande viwili sawasawa. Sabuni hukatika kwa urahisi. Swali lenyewe lilinibakia kichwani, nikaendelea kulitafuta kila nilipopata nafasi ya kompyuta.

Nikagundua kwamba huko Marekani wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokusanya vitabu vya katuni kama wengine wakusanyavyo stempu. Jambo wanalobishania sana ni hili hili letu: shujaa fulani, au kundi fulani, lilionekana kwa mara ya kwanza katika toleo gani? Tena ubishi wao una fedha ndani yake. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, iliuzwa kwa senti 10 za Kimarekani. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Neno "kwanza" likiandikwa kando ya kitabu, bei hupanda. Likifutwa, bei hushuka.

Kwa Superman hakuna tatizo, kwa kuwa mtu mmoja ama yumo ama hayumo. Taabu huanza kwa makundi. Nitatoa mfano wa Teen Titans, kundi la mashujaa vijana, maana hao ndio waliowagawanya wakusanyaji kuliko wengi.

Katika kitabu kiitwacho The Brave and the Bold, toleo la 54, la Juni na Julai 1964, mwandishi Bob Haney na mchoraji Bruno Premiani waliwakutanisha vijana watatu: Robin, msaidizi wa Batman, Kid Flash, msaidizi wa Flash, na Aqualad, msaidizi wa Aquaman. Watatu hao walikwenda katika mji mdogo wa Hatton Corners, ambako vijana walikuwa wamekosana na wazee wao, wakapambana na mwovu aitwaye Mister Twister, wakamshinda. Lakini katika toleo lile lote hamna mahali palipoandikwa "Teen Titans". Jina hilo lilikuja mwaka mmoja baadaye, katika toleo la 60, la Juni na Julai 1965, ambamo vijana wale wale watatu walirudi pamoja na msichana, Wonder Girl.

Je, lipi ni toleo lao la kwanza? Upande mmoja husema ni la 60, kwa sababu kitu kisichokuwa na jina hakijawa kitu. Husema kwamba mwaka 1964 wale walikuwa vijana watatu tu waliosaidiana siku moja, kama wapita njia wanaosukuma gari lililokwama kwenye matope, kisha kila mtu akashika njia yake. Upande wa pili husema ni la 54, kwa sababu kazi ilikwisha fanyika kabla jina halijapatikana.

Mimi niko upande wa pili, na sababu zangu sikuzitoa Marekani. Nimezitoa hapa hapa nyumbani.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, miezi michache tu kabla ya vijana wale watatu kwenda Hatton Corners. Siku ile jina la Tanzania halikuwapo. Nchi yetu iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania lilikuja mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Sasa niulize: sisi husherehekea Muungano mwezi gani? Husherehekea Aprili. Hakuna mwalimu wa Historia hata mmoja atakayempa mwanafunzi alama kwa kuandika kwamba Muungano ulizaliwa siku ulipopata jina fupi.

Mfano wa pili hata mdogo wangu wa darasa la tatu anaujua. Simba Sports Club huhesabu umri wake tangu mwaka 1936. Jina la Simba lilipatikana mwaka 1971, na kabla ya hapo klabu hiyo ilijulikana kama Sunderland. Ikiwa jina ndilo kuzaliwa, basi Simba imepoteza miaka 35 ya umri wake. Mimi ni mshabiki wa Yanga, na ningependa sana iwe hivyo, lakini haki ni haki. Mtoto huzaliwa kwanza, ndipo watu hukaa wakatafuta jina.

Tena jina peke yake laweza kutudanganya. Liko kundi jingine ambalo wengi wetu tumelitazama katika kibanda umiza, nalo ni Guardians of the Galaxy. Jina hilo lilionekana kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1969, katika Marvel Super-Heroes namba 18. Lakini ukifungua kitabu hicho ukawatafuta wale watano wa filamu ya kwanza, yaani Star-Lord, Gamora, Drax, Rocket na Groot, hutamwona hata mmoja. Kundi linalofanana na lile la filamu liliundwa mwaka 2008. Ukisema kwamba kundi lile la filamu lilizaliwa mwaka 1969, umehesabu kibao cha mlangoni, hukuhesabu watu waliomo ndani ya nyumba.

Najua hapa msomaji makini atanishika. Atasema: "Ikiwa jina si kitu, basi kila watu wakikutana wakapigana bega kwa bega ni kundi?" Swali hili ni zuri, na bwenini niliulizwa. Nakiri kwamba lilinishinda kwa siku mbili.

Wakusanyaji wenyewe walikwisha kukutana nalo. Mwaka 1971, katika kitabu cha Sub-Mariner, toleo la 34 na la 35, mashujaa watatu, Namor, Hulk na Silver Surfer, walishirikiana katika jambo moja. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule kikatoka kitabu cha Marvel Feature namba 1, na ndani yake kundi liitwalo Defenders, lenye Namor, Hulk na Doctor Strange. Wako wanaosema kwamba Defenders walianza kweli katika Sub-Mariner. Mimi siwakubali, ijapokuwa wanatumia hoja inayofanana na yangu. Katika watatu wa mwanzo mmoja alitoka na mwingine akaingia, na huyo aliyeingia, Doctor Strange, ndiye kundi lilipopatia sababu ya kukutana. Bali katika habari ya Teen Titans, watatu wa mwaka 1964 ndio wale wale wa mwaka 1965. Hakutoka mtu, aliongezeka mmoja.

Liko na kundi la zamani zaidi, Justice Society of America, la All Star Comics namba 3 ya majira ya baridi ya mwaka 1940 kuingia 1941. Katika toleo lile mashujaa walikaa mezani wakala, kila mmoja akasimulia kisa chake. Kazi ya pamoja waliifanya katika toleo la 4. Mwenzangu mmoja akaniambia: "Kwa kanuni yako, hawa walizaliwa katika toleo la 4, kwa kuwa katika la 3 walikuwa wanakula tu." Nilifikiri sana, kisha nikamjibu kwamba hata chama cha ushirika cha wakulima wa pamba huanza kwa kikao, na kikao ni kazi maadamu watu wamekuja kwa kusudi moja.

Basi kanuni yangu nimeiandika hivi: kundi huzaliwa siku ile watu watakaoendelea nalo wanapokutana kwa mara ya kwanza kwa kusudi moja. Jina laweza kuja siku hiyo, au mwaka mmoja baadaye, au miaka 35 baadaye. Jina ni ubatizo, si uzazi. Mwenye kanuni iliyo bora kuliko hii na ailete, nami nitamshukuru.

Lakini nilipokuwa nikijisifu kwa kanuni yangu, niligundua jambo lililonitia aibu. Nilijiuliza: mbona najua tarehe za katuni za Marekani, na za kwetu sizijui? Nchi zetu nazo zina katuni zake. Katika Kenya, Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu miaka ya 1950, akaendelea naye kwa miongo mingi. Hapa kwetu, katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga enzi za Mwalimu Nyerere, na wazee wetu hucheka hata leo wakilisikia jina hilo. Miaka ya 1980 likaja jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Na miongoni mwa wachoraji wake alikuwa Philip Ndunguru. Humo walikuwamo akina Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Hilo nalo lilikuwa kundi, na lilikuwa letu.

Mjomba wangu aliishi Dar es Salaam miaka hiyo, naye alirudi nyumbani na sanduku la bati lenye matoleo mengi ya Sani. Likizo iliyopita nilimwendea nikamwuliza Kipepe alionekana kwanza katika toleo gani, na wenzake waliungana naye lini. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mjomba, jibu lako lilikuwa kwenye jalada la daftari lako la Jiografia."

Nikakumbuka. Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilitakiwa kuyajalidi madaftari yangu yote, na karatasi za khaki zilikuwa za kununua. Mjomba alikuwa safarini. Nilifungua sanduku lake, nikachagua matoleo yaliyokuwa juu, nikayachana, nikajalidi madaftari tisa. Nilisifiwa shuleni kwa usafi. Madaftari yale yalipokwisha nilimpa muuza karanga, naye akayafanya vikoba vya karanga. Mjomba hakunigombeza siku ile aliporudi, wala hakunigombeza sasa. Afadhali angenigombeza.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Wamarekani waweza kubishana na sisi hatuwezi. Si kwamba wao wana akili kutuzidi, wala si kwamba katuni zao ni bora. Vitabu vyao vipo. Mtu aweza kufungua toleo la 54 na la 60 akaonyesha kwa kidole. Yamkini tamaa ya fedha ndiyo iliyowafanya wengi wavitunze, nami siisifu tamaa hiyo, kwa kuwa mwenye kitabu cha kuuza si hakimu mwema wa umri wa kitabu hicho. Hata hivyo vimetunzwa. Mimi ushahidi wangu umeliwa pamoja na karanga.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi sote. Jarida hili unalolishika mkononi, ndugu msomaji, huhesabu matoleo yake tangu siku lilipopigwa chapa likapewa jina. Lakini wengi wetu tumesikia kwamba kabla ya hapo, kwa mihula minne, wanafunzi waliandika habari, mashairi na vichekesho kwa mkono katika karatasi za manila, wakazibandika ukutani kando ya bwalo la chakula. Karatasi zile hazikuwa na jina. Wanafunzi wawili kati ya walioziandika ndio waliokuwa wahariri wa toleo la kwanza lililopigwa chapa. Watu wale wale, kusudi lile lile. Kwa kanuni niliyoieleza, jarida letu lilizaliwa ukutani.

Wale wengine walioandika ukutani hawahesabiwi popote. Yamkini baadhi yao sasa ni wazazi wanaosoma ukurasa huu, na hakuna karatasi wanayoweza kumwonyesha mtoto wao wakasema, "Na mimi nilikuwamo." Karatasi mbili tu za manila zimesalia, zimekunjwa juu ya kabati la maktaba, na panya wamekwisha zionja pembeni. Nimezikunjua mimi mwenyewe. Mwandiko bado wasomeka.

Nilimweleza mwalimu mlezi wa jarida mawazo yangu. Alinijibu kwa upole kwamba kubadili namba za matoleo kutawachanganya wasomaji, na kwamba kila ofisi yenye kumbukumbu zetu ingelazimika kurekebisha. Naona hoja yake ina uzito, na sitaki tuanze kuhesabu upya. Wakusanyaji wa Marekani nao, walipochoka kugombana, wengi wao huandika yote mawili: toleo la 54 ndilo kundi lilipokutana, toleo la 60 ndilo lilipopata jina. Hakuna aliyenyang'anywa haki yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, katika ukurasa wa ndani wa kila toleo uongezwe mstari mmoja usemao kwamba jarida hili lilitanguliwa na karatasi za ukutani za mihula minne. La pili, karatasi mbili zilizosalia zitiwe ndani ya nailoni na kufungiwa kabatini, na tangu sasa nakala mbili za kila toleo ziwekwe maktaba zisiazimwe. La tatu, mzazi au mwanafunzi wa zamani mwenye kipande chochote cha karatasi zile, hata kiwe kimechanika, akilete kinakiliwe, kisha arudishiwe chake.

Na kwa ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, ambao mwezi wa Januari mtatakiwa kuyajalidi madaftari yenu: kabla hamjachana jarida lolote la zamani mliloliona sandukuni, mwulizeni mwenyewe kwanza. Karatasi za khaki zinauzwa dukani. Mjomba wangu amebakiwa na matoleo kumi na moja, na Kipepe yumo katika yote. Lakini katika yote kumi na moja amekwisha kuwa mwenyeji.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Bugarama.